Miksi ya Ijumaa
Habari za jioni wadau. Miksi ya mwezi huu tunaifunga Ijumaa usiku, wenye nyimbo tumeni mapema. Tunaanza na rege, kisha dabu (rege iliyochanganywa upya studio) ya King Tubby, yule fundi umeme wa Kingston, Jamaika, aliyekuwa akiizima sauti ya mwimbaji na kuacha besi na ngoma zitembee na mwangwi. Hapo tusiharakishe jamani, dakika kumi nzima. Fanki kidogo tu. Tunamalizia na son, ule muziki wa dansi wa Kuba. Wazee wetu wa Ujiji waliokulia rumba ya Kongo wataitambua mara moja, maana santuri za Kuba zilichangia sana kuizaa. Msitume nyimbo zilizorekodiwa kwa simu kutoka redioni, besi yote inapotea. Mwenye spika kubwa pale Mwanga anicheki inboksi.