Wagombea CWT watueleze ile asilimia 2

Mhariri,

Habari yenu kuhusu walimu wanaowania uongozi wa Chama cha Walimu Tanzania (CWT) ilitaja majina na mikoa, lakini haikugusa makato ya ada ya chama. Mwanachama hukatwa asilimia 2 ya mshahara: mwenye shilingi 800,000 huacha 16,000 kila mwezi, yaani 192,000 kwa mwaka. Fulana ya Mei Mosi tunayopewa na chama haifuti hesabu hiyo.

Viongozi wa taifa huchaguliwa na wajumbe wa Mkutano Mkuu, si kila mwalimu, ndiyo maana wagombea hubembeleza wajumbe tu. Wiki mbili kabla ya kura, kila mgombea aliyewahi kuongoza tawi, wilaya au mkoa asambaze shuleni karatasi moja: mapato na matumizi ya ngazi aliyoiongoza, na madai ya kupandishwa madaraja na malimbikizo ya mishahara aliyoyafikisha kwa mwajiri. Asiyeitoa, wajumbe wamnyime kura.