Deraya isiyofunika tumbo si deraya

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ila ile makala ya Jumamosi kuhusu vijana na magemu ya kompyuta imenikera mno, hasa pale mwandishi wenu aliposema wasichana hawayapendi magemu ya mapanga na mazimwi, na kwamba tusihangaike na mavazi ya mashujaa wa kike kwa sababu ile ni dunia ya kufikirika tu.

Mimi ni mwanamke, fundi wa kuchomelea, na nina binti anayeyapenda magemu hayohayo. Likizo ya Desemba alikuwa na gemu moja la mtandaoni, anacheza kama askari wa kike. Akawa anadunduliza dhahabu yake apate kununua deraya, yaani vazi la chuma la vita, nzito kuliko zote zilizomo. Siku alipoipata akaniita niione. Mabegani kuna vyuma vikubwa kama masufuria ya shughuli, viatu vya chuma vina visigino virefu, halafu katikati hamna kitu! Tumbo wazi, mapaja wazi, kifuani vipande viwili vya bati vilivyoshikwa na mkanda. Akamgeuza kwa mausi tutazame mgongo, na mgongo nao mtupu. Akafungua mhusika mwingine, mwanamume, akamvika deraya ileile: jina lile, bei ile, namba za kinga zilezile. Huyo akafunikwa kuanzia kooni hadi vidole vya miguu. Binti yangu hakusema neno. Alimfuta yule askari wake, na tangu siku hiyo anacheza kwa sura ya mwanamume. Mwandishi wenu aje kwangu aniambie tena kwamba wasichana hawapendi.

Hoja ya dunia ya kufikirika siikubali hata kidogo. Zimwi ni la kufikirika kwa wote wawili na moto wake unawaunguza wote wawili, iweje mmoja avishwe chuma na mwenzake aachwe uchi? Wala si gemu moja. Gemu la World of Warcraft lilipotoka mwaka 2004, vilikuwamo vipande vya deraya vilivyokuwa suruali kwa mwanamume na chupi kwa mwanamke. Ivy, mwanamke wa gemu la Soulcalibur, anapigana tangu 1998 kwa upanga unaogeuka mjeledi, na muda mwingi yu nusu uchi. Na hata wanapoamua kumfunika mwanamke, wanamfinyangia chuma kifuani matiti mawili yenye bonde katikati. Hapo nasema kama fundi: hilo nalo ni hatari. Dirii ya kweli, yaani chuma cha kifuani, hufuliwa ikatuna mbele, ncha ya mkuki ikigonga iteleze pembeni. Ukiweka bonde, ncha inateremkia bondeni, na chini ya bonde kuna mfupa wa kidari, na nyuma ya mfupa kuna moyo. Jeanne d'Arc, msichana wa Kifaransa aliyeongoza askari vitani, alifuliwa deraya kamili mjini Tours, Ufaransa, mwaka 1429, imkae mwilini, kwa livre 100, fedha ya huko ya wakati ule. Mwezi Mei mwaka huohuo, vitani Orléans, mshale ulimpata kati ya shingo na bega, na siku hiyohiyo akarudi kupigana. Huyo hakuwa wa kufikirika. Na msiniambie kwamba deraya kamili haiuziki: gemu la Elden Ring la mwaka 2022 humvika mwanamke chuma kilekile anachovaa mwanamume, na limeuza zaidi ya nakala milioni 20.

Na la karakana zetu nalo nilitoe leo. Glovu, buti na aproni za ngozi zinazoletwa nchini nyingi ni za vipimo vya wanaume. Cheche za grenda zimewahi kuniingia ndani ya buti lililonipwaya, zikanichoma kifundo cha mguu mpaka ngozi ikabanduka. Nilipokwenda kulalamika, muuzaji akaniambia nivae soksi mbili. Anayechora deraya na anayeagiza buti hawajawahi kumfikiria mwanamke akiwa kazini.

Ninachoomba kinawezekana. Vijana wetu wanaosomea kutengeneza magemu wachore deraya kwanza juu ya sanamu isiyo na uso wala jinsia, waimalize mpaka njumu ya mwisho, ndipo waamue nani ataivaa, na hapo wabadili urefu wa mikanda tu. Wakitaka kujua chuma kinavyokunjwa, waje kwenye karakana zetu za mtaa wa Gerezani asubuhi, tutawaonyesha bure. Nanyi kwenye ukurasa wenu wa magemu, kabla hamjaweka nyota, wekeni picha mbili bega kwa bega: deraya moja, mwanamume na mwanamke. Mzazi aone kabla hajatoa pesa.

Fundi wa kuchomelea,
Gerezani, Dar es Salaam