Njia za baiskeli pembezoni mwa Dar es Salaam zisipotelee ndani ya viwanja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo si rahisi kuonekana na anayesafiri kwa gari, nalo ni kufungwa kwa njia za baiskeli za mashambani zinazouzunguka mji wetu, hususan upande wa Kigamboni na ule wa Pugu hadi Kisarawe.

Huendesha baiskeli karibu kila Jumapili. Awali nilikuwa mtu wa lami, mpaka malori ya Barabara ya Kilwa yaliponifundisha adabu, nikahamia kwenye barabara za vumbi. Baiskeli niliyonayo sasa ina tairi za milimita 45, pana kuliko za baiskeli ya mashindano ya lami lakini si nene kama za baiskeli ya milimani, na upepo wake haujazwi sana, ili tairi lilale kidogo, lishike mchanga na kupunguza mtikisiko wa mawe. Wenzetu wa nje wanaufanya huu kuwa mchezo kamili, na mwaka 2022 shirikisho la kimataifa la baiskeli liliandaa nchini Italia mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia kwenye njia za changarawe. Sisi tunasema tu kwamba tunakwenda vumbini.

Lakini njia tunazopita hazikuchongwa kwa ajili ya watu wa Jumapili. Zimechongwa kwa miaka mingi na wabeba mkaa, wauza madafu, wachuuzi wa samaki na wanafunzi, ambao baiskeli kwao ni kitendea kazi. Anayetaka kuthibitisha asimame asubuhi kwenye njia yoyote inayoshuka kutoka vijiji vya Kisarawe: atamwona mtu anasukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa yaliyompita kimo, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya siti, na chini yake atauona mstari wa udongo ulioshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu, upana wake kama viganja viwili. Mstari huo ndio barabara yenyewe. Ukitoka nje yake kwa nusu hatua, gurudumu linazama.

Upande wa Kigamboni ndio ninaoufahamu zaidi. Ukivuka na pantoni ya alfajiri pale Magogoni, ukapita Mjimwema hadi Gezaulole, kijiji cha enzi za ujamaa ambacho jina lake kwa Kizaramo ni "jaribu uone", unaweza kuendelea kusini hadi Kimbiji ukipita kati ya mikorosho, minazi na mihogo, bahari ikiwa mkono wa kushoto, na sehemu kubwa ya safari usikutane na gari. Mchanga ni mwingi, hivyo wakati mzuri ni siku moja au mbili baada ya mvua, unapokuwa umeshikamana. Pugu ni kinyume chake. Kule kuna vilima na udongo wa mfinyanzi, na wakati wa masika udongo huo hujaa kati ya tairi na uma mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, ukabaki kuibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba. Ndani ya hifadhi ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi mwenye mamlaka ni Wakala wa Huduma za Misitu, na anayetaka kupita humo afuate utaratibu wao. Hilo sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni wa viwanja. Mwezi uliopita, katika njia ambayo nimeipita kwa zaidi ya miaka sita kuelekea Kimbiji, nilikuta ukuta wa tofali za saruji umekatiza njia kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na bikoni mpya imesimikwa katikati kabisa ya ule mstari uliokanyagwa. Mbele yangu alikuwapo mzee mmoja aliyepakia matenga mawili ya madafu kwenye keria, anajaribu kuigeuza baiskeli bila kuyamwaga. Nilimwamkia, nikamsaidia kuishika, nikamuuliza kulikoni. "Njia imeuzwa, baba," akanijibu. "Aliyenunua shamba kanunua na njia." Tukarudi pamoja hadi barabara kubwa tukisukuma kwenye mchanga mtupu, muda wa karibu saa nzima. Mimi nilipoteza matembezi, lakini yeye alikuwa anakwenda sokoni.

Sidhani kama aliyejenga ni mtu mbaya. Ameuziwa kipande cha ardhi chenye vipimo, akaonyeshwa mipaka, akaweka ukuta, na mahali pengine popote tungemsifu kwa kulinda mali yake. Kosa limetangulia kwenye mchoro. Shamba linapokatwa viwanja, mchoro huonyesha barabara mpya za magari, zilizonyooka, nazo mara nyingi huishia kwenye mpaka wa shamba hilo, kwa sababu jirani naye atapima kwa wakati wake na kwa mchoro wake. Njia ya baiskeli iliyoyaunganisha mashamba yote kumi haionekani popote, maana hakuna aliyeichora. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya njia ya umma, lakini haki hiyo itamfaa nani ikiwa mpima ardhi amepita hapo na vyombo vyake asiiandike?

Ombi langu kwa Manispaa ya Kigamboni, Halmashauri ya Wilaya ya Kisarawe na watendaji wa mitaa na vijiji ni moja: kabla mchoro wa viwanja haujapitishwa, mtu atumwe aitembee njia iliyopo, airekodi hata kwa simu yake, na iingizwe kwenye ramani kwa upana wa mita tatu, ibaki ya vumbi kama ilivyo. Sidai lami, wala mistari ya rangi, wala sherehe ya kukata utepe. Mita tatu kwa mwenye kiwanja ni mahali pa mstari mmoja wa michungwa. Kwa upande wetu, tumekwisha kurekodi njia tatu tunazozipita mara kwa mara, na tutampa mtendaji yeyote atakayezihitaji, bila malipo. Nakiri pia kwamba wapo miongoni mwetu wanaoteremka kwa kasi na kuwapita akina mama waliojitwika kuni bila hata kupiga kengele, na wanakijiji wakituchukia kwa hilo wana haki.

Kuhusu ukuta nilioutaja, nilipita tena Jumapili iliyopita. Haujapigwa plasta, na kona iliyo karibu na mkorosho mkubwa bado haijafungwa. Uwazi wa hatua mbili ukiachwa pale, baiskeli yenye matenga mawili itapita.

Mwendesha baiskeli,
Mtoni Kijichi, Dar es Salaam