Utabiri wa hali ya hewa uutaje na moshi wa moto kichaa

Ndugu Mhariri,

Kiangazi kimekolea, na huku kwetu Rukwa milima imeanza kupotea kwenye moshi. Kila mwaka, kati ya Juni na Oktoba, misitu ya miombo huwaka kuanzia Ruvuma na Katavi hadi Zambia, Katanga na Angola. Wenye pumu wanahangaika, watoto wanakohoa usiku kucha. Lakini taarifa ya hali ya hewa ninayoisikiliza redioni hutaja mvua, jua na upepo basi. Moshi haumo.

Inaniuma kwa sababu moshi huo unaonekana kutoka angani, na picha zake ni za bure. FIRMS, mfumo wa kufuatilia moto wa NASA, shirika la anga la Marekani, hutumia setilaiti zinazopita juu yetu mnamo saa saba na nusu mchana, kisha usiku saa kama hiyo. Kihisi cha VIIRS hunasa joto la moto kwa vipande vya mita 375, na baada ya saa chache moto unakuwa nukta nyekundu kwenye ramani. Setilaiti ya Meteosat ya Ulaya, iliyotulia juu ya ikweta, huipiga picha Afrika nzima kila baada ya dakika 10 hadi 15, hivyo utando wa moshi unaonekana ukijongea. Ukishapauka jicho lisiuone, setilaiti nyingine ya Ulaya, Sentinel-5P, bado inapima kaboni monoksidi iliyotoka kwenye moto, gesi inayoweza kudumu hewani kwa wiki kadhaa.

Na moshi unakwenda mbali. Kusi huusukuma kuelekea magharibi, ukavuka Kongo na Angola mpaka Atlantiki. Kati ya 2016 na 2018 watafiti wa NASA waliufuata huko kwa ndege, wakaukuta umetanda juu ya mawingu.

Hapo ndipo penye ugumu. Picha inayopigwa kutoka juu pekee haitoshi kujua kama moshi uko kilomita tatu angani au uko usawa wa pua zetu. Tena moto uliowashwa alasiri ukazimika kabla ya usiku unaweza kuziponyoka setilaiti zile zinazopita mchana na usiku, na wingu zito huziba kila kitu. Kwa hiyo vipimo vya PM2.5, yaani chembe ndogo mno za moshi zinazoingia mapafuni, vifungwe ardhini, kwanza kwenye hospitali za mikoa hii inayoungua.

New York ilipogubikwa na moshi wa misitu ya Quebec, Kanada, Juni 2023, mamlaka zilitoa tahadhari na watu wakashauriwa wakae ndani. Mapafu ya mtu wa Sumbawanga au Lubumbashi yanastahili hivyohivyo. Ninachoomba ni sentensi mbili tu kila jioni ya kiangazi: moshi uko wapi leo, na upepo wa kesho utaupeleka wilaya zipi. Na watabiri wetu wapeane taarifa hizo na wenzao wa Zambia na Kongo, maana moshi wa huku ndio unaokwenda kwao.

Msomaji wenu,
Sumbawanga