Mhariri, magrupu ya simu si ya kugombanisha tu

Salaam mhariri, mimi mkaazi wa Langoni hapa Amu, mji wa Lamu, na nimechoka kusikia eti simu ndo zinatugombanisha. Zinagombanisha kweli, sikatai, lakini si zote. Sisi tuna grupu la WhatsApp la watu wa kawaida tu, kuna wavuvi, kuna mama auza viazi karai, kuna wakulima wa Mpeketoni na Hindi, miji ya huku huku Lamu, Waislamu na Wakristo, na tangu Juni 2014 Mpeketoni iliposhambuliwa wakafa watu zaidi ya 60 mnajua wenyewe vile tulianza kuangaliana kwa jicho baya. Mwezi uliopita ikarushwa picha ya nyumba yawaka moto, eti ni Hindi jana usiku, matusi yashaanza, jamaa wa Hindi akatoka nje akapiga picha barabara, mbuzi wamejilalia katikati, akaandika "moto uko wapi?" Tukacheka, na aliyeirusha akaifuta kimya kimya (radhi hakuomba, ana kiburi huyo). Na si jambo jipya, Januari 2008 ghasia za uchaguzi zikiwaka Wakenya walitengeneza mtandao uitwao Ushahidi, raia atuma habari, tukio lawekwa kwenye ramani, na leo inatumika nchi nyingi. Ombi langu, mkisikia tetesi za huku tuulizeni kwanza, na hizi bando zishushwe bei, juzi mama wa viazi alikaa siku tatu haonekani grupuni sababu hana shilingi 20.