Salamu za Mfunguo Mosi

Ndugu zangu na wafanyakazi wenzangu, Idd Mubarak, na mkono wa Idd nawapeni hata ninyi ambao hatukujaaliwa kuonana katika siku nne za sikukuu.

Nimerudi Unguja kwa boti kutoka Mkoani, Pemba, nikiwa na mfuko wa visheti alionifungia mama, na leo ndiyo siku yangu ya kwanza ofisini. Hadi saa nne sikuwa nimefungua faili hata moja, kwani asubuhi ilikwenda katika kupeana mikono, kuulizana hali za wazee na kuwaombea rehema wale tuliofunga nao mwaka jana ambao mwaka huu hatunao. Naamini kwa dhati kwamba saa hizo hazikupotea, maana mtu aliyeketi mezani kwake bila kuwajulia hali wenzake bado hajarudi kazini.

Wazee wetu wa mwambao waliuita mwezi huu wa Shawwal Mfunguo Mosi, wakaendelea hivyo kuhesabu hadi Mfunguo Tisa, ndipo zikaja Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Hesabu yao ilianzia hapa tulipo sasa, pale mtu anapomaliza saumu na sikukuu akarudi shambani, baharini au dukani, na kila ninapoukumbuka mpango huo huona kwamba walikipa kitendo cha kurudi heshima kubwa kuliko tunayokipa sisi.

Tena ndani ya mwezi huu tumewekewa sita, yaani saumu za sunna za siku sita, ambazo anayezifunga baada ya Ramadhani huwa kama aliyefunga mwaka mzima, kwa kuwa jema moja hulipwa kwa 10, na siku 36, yaani 30 za Ramadhani na hizi sita, zikawa 360. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu Zanzibar, ni bora zifuatane mara baada ya Idd, lakini anayezitawanya ndani ya mwezi naye amezipata. Basi na kazi zilizolala tuzipokee kwa utaratibu huo: anayeweza kuzifuatanisha azifuatanishe, na aliyechoka na safari azigawe kwa siku, mradi asiziache.

Dada mmoja wa masijala, ambaye hina ya Idd bado imekoza vidoleni mwake, nilimpa visheti vitatu. Amevikunja kwenye karatasi na kuviweka kando ya kompyuta, vinasubiri magharibi.