Waliokufa Kohnstein nao waandikwe

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Makala ya Jumapili iliyopita juu ya V-2, kombora la Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, imenishinda kunyamaza.

Mwandishi wenu ameeleza vizuri jinsi jairoskopu, yale magurudumu yanayozunguka kwa kasi, zilivyolishika lisiyumbe, na mapezi ya grafiti yaliyokaa ndani ya moto wa injini yakiligeuza. Ametaja hata siku liliporuka sawasawa pale Peenemünde, kituo cha majaribio cha Wajerumani, 3 Oktoba 1942. Von Braun, mhandisi aliyeongoza kulibuni, kapewa aya sita. Waliolitengeneza hawakupata hata mstari mmoja.

Mwaka 1979 nilikuwa nasomea ufundi mitambo Ujerumani Mashariki. Siku moja tulipakiwa basi mpaka Nordhausen, kwenye Dora, iliyokuwa kambi ya wafungwa ya Wanazi. Waingereza walipoipiga mabomu Peenemünde Agosti 1943, kazi ilihamishiwa ndani ya mlima Kohnstein, wakaletwa wafungwa kuchimba mahandaki na kuunganisha makombora. Mwanzoni walilala humo humo, miezi bila kuona jua, vumbi limejaa vifuani. Walioshukiwa kuhujumu kazi walinyongwa kwenye winchi humo handakini. Katika kambi hiyo na matawi yake walipita wafungwa kama 60,000; wakafa kama 20,000. Nilisimama mbele ya tanuri la kuchomea maiti, na mwenzangu wa Pemba akavua kofia. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyesema neno. Na huyo von Braun, mliyemfanya mtu wa kutazama nyota tu, alikuwa afisa wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi hizo! Mahandaki yale aliyaingia kwa miguu yake, na Agosti 1944 aliandika kwa mkono wake kwamba amekwenda Buchenwald, kambi nyingine, kutafuta wafungwa wenye ujuzi. Hayo mnayaachaje?

Halafu picha. Mliyochapa ni ya V-1, ina mabawa na bomba la injini mgongoni. Hiyo ni ndege ndogo isiyo na rubani. Watu wa London waliisikia ikinguruma kabla haijaanguka. V-2 ni roketi, ilishuka kwa kasi kuishinda sauti, haikusikika mpaka imeshaua. Kwenu kila kinachoruka na kulipuka ni kombora. Hata habari za vita vya leo mnaziandika hivyo hivyo, msomaji asijue kilichorushwa ni roketi, droni au risasi ya mzinga.

Jumapili ijayo, ukurasa ule ule, chapeni picha ya V-2 yenyewe. Chini yake muandike: Dora, wafungwa 20,000. Herufi ziwe za ukubwa ule ule wa jina la von Braun.

Fundi mstaafu,
Unguja